Mshipa wa Shemeji Saidi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na nimechoka kuikumbuka. Nimekutangulia kazini kwa miaka michache tu, lakini siku ile ilinizeesha. Nilikuwa mgeni kwenye ekografia, mashine ile inayotuonyesha viungo vya ndani. Shemeji Saidi, mume wa dada yangu, alikuja kupimwa apate cheti cha kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi, kubeba magunia ya mchele kwenye ghala la jikoni.

Nikaona mshipa wake mkuu wa damu umetanuka tumboni, ingawa haujafikia upana wa kumpeleka kwa daktari wa upasuaji.

"Kwetu wanaume hatuugui," alisema nilipomweleza. "Baba alianguka shambani, kaka akaanguka msikitini. Tunaanguka tu, kama nazi."

"Basi ukianguka, usimwangukie dada yangu."

"Andika, shemeji! Au unataka nihamie kula kwako?"

Tulicheka, mashemeji hutaniana, na la utani haliandikwi. Nikaandika: anafaa. Wiki ya tatu kazini mgongo ukamkaza ghafla pale ghalani. Mshipa ulikuwa umepasuka. Hakufika hospitali ya Palma akiwa hai.

Bibi Atija, muuguzi wetu mkongwe, alisoma daftari langu taratibu.

"Upana umeuandika. Baba yake yuko wapi humu? Kaka yake je?"

Baadaye nilisoma kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Ukuta wa mshipa hushikiliwa na nyuzi za protini. Vimeng'enya vya mwili vikizila nyuzi hizo, ukuta hudhoofika, na pengine hupasuka kabla ya kutanuka sana. Watafiti wanatafuta alama za uharibifu huo katika damu, ila bado hawajapata kipimo cha kutuambia kwa hakika nani atapasukiwa. Dalili niliyokuwa nayo mimi niliambiwa kwa kicheko.

Dada yangu hanilaumu. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Mwanangu, usiridhike na namba ya mashine. Uliza nani alikufa ghafla katika ukoo, pima shinikizo la damu, uliza kuhusu sigara. Mtu akitania juu ya kifo, cheka naye ukipenda, kisha andika alichosema. Akiwa ndugu yako, cheti chake akiandike mwenzako. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikiliza, na akuepushe na daftari kama langu. Amina.