Mshumaa wa Kupimia Risasi

Wiki iliyopita binti yangu alizima mishumaa ya keki yake, na ule moshi mwembamba uliponifika puani nikasahau kupiga makofi. Sikuwa pale tena. Nilikuwa Ibra, Oman, katika stoo ya nyuma ya nyumba yetu, nina miaka kumi na mitatu, nimeshika risasi isiyo na baruti juu ya mwali wa mshumaa, na Baba kakaa mkekani karibu yangu. "Igeuze taratibu, mama," ananambia. "Ipate masizi pande zote."

Nakuhadithieni habari hii kama ilivyokuwa, maana watu wa ukoo wetu wana namna yao ya kuihadithia, na katika hadithi yao mimi simo kabisa.

Baba alizaliwa Tabora akarudi Oman kijana. Unguja hajapata kuikanyaga, lakini mtaa mzima wakimwita Mzinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, kama walivyotwita sote tuliokuja na Kiswahili mdomoni. Babu alimwachia bunduki moja ya zamani, kitako chake kimekuwa cheusi kwa mafuta ya mikono. Kila Idi wanaume wa ukoo walishuka wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kupiga shabaha, na Baba alikuwa hakosi. Kisha presha ya macho ikamwingia. Jicho la kulia likafa, la kushoto likawa linaona ukungu, na Idi moja akakosa risasi zake zote mbele ya watu.

Jioni ile Ami Salum, kaka yake mkubwa, alikuja akanywa kahawa yetu, akala halua yetu, ndipo akasema bunduki ihamie kwake, ampe mwanawe Nasor. "Wewe huna mtoto wa kiume. Na yenyewe imeshazeeka, haipigi tena pahala pamoja."

Mimi ndiye niliyeshika dele la kahawa. Nilimmiminia kwa hasira.

"Idi ijayo huyu atapiga," Baba akasema, akaninyooshea kidole. "Akikosa, ichukue."

Ami Salum alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Akakubali papo hapo, na nani asingekubali? Siku ya pili akatuletea, kwa wema wake, risasi moja ya dukani iwe mfano wetu. "Fuateni hii. Kiwanda kinajua." Baba akashukuru, akaiweka dirishani, ikakaa hapo ikishika vumbi.

Baba alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe kwa kijimashine cha mkono, katika maganda ya shaba yaliyokwisha tumika. Baruti aliipima Mama kwa mzani, na wakati huo hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Kazi iliyobaki kwetu sisi wawili ilikuwa kichwa cha risasi: kizame kiasi gani katika mdomo wa ganda. Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Mtutu wetu ulikuwa umelika ndani kwa miaka, Baba alinieleza, na kichwa kikizamishwa kama kile cha dukani, kinaruka mwanya mkubwa kabla ya kukutana na mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, kinaingia upande. "Si uzee huo. Wamevisha kiatu cha mtu mwingine, kisha wanasema mguu mbovu."

Basi tukatafuta kiatu chetu. Naipaka masizi risasi tupu, Baba anaitia bundukini, anafunga bolti, lile komeo lake, anaitoa, ananipa nitazame kama mistari imeyakwaruza masizi. "Waona nini?"

"Sioni kitu."

Tunakitoa kichwa nje kidogo, tunaanza tena. Stoo ilinuka nta, shaba na mafuta ya bunduki, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi hata kula nikila navyo. Mpaka siku moja nikaona mikwaruzo midogo katika masizi, imekizunguka kichwa.

"Imegusa, Baba."

"Sasa kirudishe ndani, unywele tu. Kikaribie, kisiguse."

Lakini risasi zilizotoka zilikuwa ndefu, hazienei kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi cha bunduki. Ilibidi zitiwe moja moja kwa mkono. Nilimuuliza Baba tutafanyaje, akasema kwani nina haraka gani.

Idi ikafika. Ng'ambo ya wadi waliweka bati la samli lililopakwa chokaa. Desturi yetu ilikuwa mtu hulala chini mara moja tu, na maadamu amelala hupiga risasi zote alizonazo. Akiinuka, zamu yake imekwisha. Nasor alimaliza magazini yake, akalipata bati mara moja, wakampigia kelele za furaha. Nikalala mimi. Risasi ya kwanza nilifumba macho, ikaenda kuchimba mchanga.

Ami Salum akachungulia, akaona magazini tupu. "Khalas, imekwisha. Inuka, mwanangu."

Risasi mbili zilikuwa kiganjani mwangu, zimeshapata joto la mkono. Niliwasikia wanaume wakianza kucheka, lakini nilijua nikiinuka tu bunduki imeondoka.

"Ami, shikamoo," nikasema bila kugeuka, "lakini sijainuka."

Nikatia ya pili, nikafunga bolti, na safari hii macho niliyaacha wazi. Bati likaanguka.

"Bahati," Ami Salum akasema.

"Lirudisheni," Baba akasema.

Likarudishwa, nikaliangusha tena. Baba akaomba aletewe, akapapasa matundu yale mawili kwa vidole, yote yaliingia chini ya kiganja chake kimoja. Akalikumbatia bati lile bovu mpaka nyumbani.

Miaka ikapita, Baba akawa haoni hata mwanga. Siku moja tulikaa stooni tuanze maganda mapya. Alitia risasi tupu, akaisukuma bolti polepole, akaacha kusukuma. "Imegusa," akasema. Mimi nilikuwa bado natafuta kibiriti.

"Umejuaje?"

"Mkono unajua. Siku zote mkono ulikuwa unajua."

"Basi siku zile mshumaa ulikuwa wa nini?"

"Wako wewe," akasema.

Nilitoka nje nikalia. Kumbe miezi yote ile nilijiona mimi ndiye macho yake, naye hakuhitaji macho. Alikuwa anarithisha, na alishaamua zamani, kabla Ami Salum hajatia halua mdomoni.

Baba na Ami wote wameshatangulia mbele ya haki. Bunduki iko kwangu, na leseni ina jina langu. Nasor naye alikuwepo kwenye keki ile, akala vipande viwili, kisha akanisogelea akaniuliza: bunduki namwekea nani, na mimi sina mtoto wa kiume?

Nilichomoa mshumaa mmoja kwenye keki, nikaufuta krimu, nikamwita binti yangu nikamkabidhi mbele ya Nasor.

"Huyu," nikamwambia.