Tuta Lililolimwa Vizuri

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza, kisha wanauliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa nayo. Nilikuwa na jembe begani na njaa tumboni, na jua lilikuwa bado juu, ingawa ukungu wa Ufipa wakati wa masika hauliogopi jua.

Jueni pia kwamba mimi si mtu wa mambo haya. Nilipokuwa chuo kikuu, nikisema natoka Sumbawanga, wenzangu walikuwa wanasogeza viti vyao mbali wakiogopa uchawi. Nimemaliza nusu ya umri wangu nikiandika makala za kuwaambia Watanzania kwamba kwetu hakuna ajabu yoyote, kuna mahindi, maharage na baridi. Sasa nisikilizeni mimi huyohuyo.

Shamba ni la marehemu mama, njia ya kwenda Mwimbi. Sisi Wafipa tunalima matuta ya mviringo, tunayaita intumba. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaupindua, nyasi zinabaki ndani zinaoza. Msimu unaofuata unalivunja tuta, unatawanya ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Mwaka wa mwisho wa nguvu zake mama alipika pombe, majirani wakaja wote, wakajaza shamba zima matuta kwa siku moja. Kisha akaugua, na matuta yakakaa miaka bila kuguswa. Nilipokuja kuyavunja, katika mojawapo jembe liligonga kitu nilichodhani ni jiwe, nikakifukua kwa mikono. Lilikuwa fuvu la mtu.

Polisi walikuja, mifupa ikapelekwa hospitali. Mwanamke, walisema, bado kijana, amepigwa kichwani. Hakuna aliyekuja kumdai. Padri alimzika pembeni mwa makaburi ya kigango, chini ya msalaba usio na jina, na hadi leo hauna.

Lakini kijiji hakipati usingizi mpaka kimpate muuaji. Maneno yakaanza kutembea: tuta lile lililimwa vibaya, nyasi nje, udongo mtupu ndani. Mfipa gani analima hivyo? Na hapa nani si Mfipa? Masunga, jirani yangu, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma na ambaye hulima kwa plau. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Ajenda ilikuwa moja: Masunga ahame, la sivyo vijana watachoma nyumba yake.

Siku moja kabla ya mkutano nilimkuta akikaza kamba za mkokoteni.

"Mwalimu," aliniita, ingawa sijawahi kufundisha mtu yeyote, "wewe ndiye uliyelivunja lile tuta. Lilikuwaje ndani?"

"Sikuangalia, Masunga. Niliona fuvu nikakimbia."

"Msomi mzima! Hata mbuzi wangu angegeuka nyuma kidogo." Alicheka, lakini hakuacha kukaza kamba. "Mke wangu yuko karibu kujifungua, ndugu yangu. Nimpeleke wapi na mvua hizi?"

Nikaweka jembe begani, nikaenda shambani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona ncha ya jembe langu. Nikasikia jembe la mtu mwingine. Mtu alikuwa analima, tena pale pale nilipokuta fuvu. Ungefanya nini? Mimi nilisogea karibu, nikakohoa kama mtu anayebisha hodi.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa binti, ameinama, anapindua udongo haraka na kwa ustadi. Nakiri niliumia kidogo, nilidhani bado naitwa kaka.

"Marahaba. Binti, shamba hili lina mwenyewe."

"Najua, baba. Namalizia tu."

"Kwenu wapi?"

Akaelekeza kidevu kule ambako mlima unashuka kwenda Muze. "Kule bondeni. Mama bado ananisubiri na kapu la samaki."

Kisha akaweka jembe chini, akalifungua kwa vidole tuta alilokuwa amelilima mbele ya macho yangu. Niaminini, nyasi za kijani nilizoziona zikipinduliwa sasa hivi zilikuwa zimeoza ndani, nyeusi tii, laini kama ugali wa ulezi, zikinuka ile harufu ya unyevu wa zamani.

"Safari hii angalia vizuri, baba," alisema.

Nikapiga goti, nikachomeka mikono. Na mikono ikakumbuka kabla yangu. Siku ile ya fuvu kucha zangu zilijaa weusi huohuo, nilizisugua kwa sabuni hazikutakata. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Hapakuwa na tuta pia. Kwenye nyasi zilizolowa kulikuwa na nyayo zangu tu. Lakini mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Kile nilichofanya baadaye sitakiita kutembea kwa haraka. Nilikimbia, na jembe nililiacha.

Kesho yake nilisimama mkutanoni.

"Tuta lile lililimwa vizuri," nilisema. "Nyasi zilikuwa ndani."

"Una hakika?" aliuliza mwenyekiti.

"Nililivunja mimi."

Mzee mmoja akavua kofia, akasema polepole, "Basi aliyeua ni mwenzetu." Hakuna aliyemwangalia tena Masunga. Watu walikuwa wanaangaliana wao kwa wao.

Nikauliza ni nani alianza kusema lililimwa vibaya. Huyu alisikia kwa yule, na yule kwa mwingine, swali likazunguka mkutano mzima na kurudi kwangu bila jibu.

Masunga hakuhama. Mtoto alizaliwa palepale, na kwa bahati mbaya wamempa jina langu. Niliteremka Muze, nikaulizia sokoni. Mama mmoja anayeuza samaki aliacha kupima, akaniuliza, "Huyo binti alikuwa anafananaje?" Nilitafuta uso wake kichwani mwangu nikakosa. Nilikumbuka vidole tu. Yule mama alinitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye samaki wake. Bado namuota yeye kuliko binti.

Majirani hawaji tena kunisaidia kulima. Na kila mwaka, kabla sijaanza, nakuta tuta moja limeshalimwa pale pale, limetengenezwa kwa mikono inayojua kazi. Sijui kama ni binti ananishukuru au ni yule aliyemuua ananionya. Sijathubutu kulivunja.

Nakuomba jambo moja, wewe unayesoma. Siku watu wakikwambia mgeni ndiye aliyefanya, na wakaeleza tuta lilivyokuwa ndani, usiwashangilie. Waulize wamejuaje, ilhali hawakuwepo lilipovunjwa. Halafu usirudi nyumbani peke yako.