Fundi Aliyesema "Bado"

Wanamuziki wa Gisenyi walimwogopa fundi cherehani yule kuliko ukumbi uliojaa watu. Hakujua kutulia: hata akiwa kitako, mguu mmoja ulikanyaga pedali, mwingine ulitikisika, na macho yaliruka kutoka kwenye mshono hadi njiani. Bendi kubwa ya jazi ikipiga hotelini kando ya ziwa, yeye alisikiliza akizunguka ua kwa nje, asimame hapa, asogee pale, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Asubuhi wapigaji wenyewe walimletea makoti yaliyopasuka kwapani, wakangoja neno lake. "Tarumbeta mingi, masikio hakuna," alisema, uzi mdomoni. Au lile fupi lililouma zaidi: "Bado."

Siku moja Phocas, mpiga tarumbeta, alikuja bila koti. "Muzee, bendi inapanda boti ya Bukavu leo jioni. Uniambie: niende nayo ao nibaki?"

"Piga."

Phocas akapiga palepale mlangoni. Alianza kwa woga, kisha akaona liwalo na liwe, akauachia wimbo. Cherehani ikaanza kunguruma, ikapunguza mwendo alipopunguza, ikakimbia alipokimbia. Alipomaliza, nayo ikanyamaza.

"Bado," fundi akasema, bila kuinua kichwa.

Phocas akanywea. Akainama kuokota kofia yake, ndipo akaona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa chochote.

Hakuuliza tena. Akaenda kufunga mzigo.