Moyo wa Mtoto Si Kontena

Mume wangu ni wakala wa forodha pale mpakani Malaba, na kazi hiyo imemharibu. Kwake kila kitu duniani ni mzigo uliokwama, na kila aliyevaa sare ana sababu yake ya kuukwamisha. Nimezoea. Ila siku ile hospitalini Nairobi alinichosha kupita kiasi.

Binti yetu alikuwa na miaka minane. Moyo wake ulikuwa na kijia cha ziada cha umeme, na kikiamka ulikimbia hadi gauni linatikisika kifuani. Daktari, mama mmoja mpole, alikuwa apitishe mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi moyoni, akiunguze kijia hicho. Asubuhi hiyo akatuambia kwamba kwanza atatia dawa ya rangi, apige picha ya mshipa unaoulisha moyo wenyewe.

"Moyo wa mtoto ni mdogo," alisema. "Nikiunguza karibu na mshipa huo naweza kuuziba."

Mume wangu akanivuta pembeni. "Umesikia? Huyu anataka kukagua tena. Iko kitu anatafuta."

"Anatafuta mtoto wako asife, wewe mwanamume!"

Haikumwingia. Akamfuata daktari kwenye korido na ule mnong'ono wake wa kutoa hongo getini. "Daktari, ongea na mimi tu. Tufanye nini ndiyo hii kitu itoke leo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari akamwambia tu, "Baba, kaa na mama mtoto."

Tulikaa. Alishinda kwenye simu akifokea watu kuhusu malori, mimi nikiomba Mungu kwa meno yaliyobanwa.

Daktari alipotoka alisema mshipa ulikuwa karibu mno. Hakutumia moto, alitumia baridi ya kukigandisha kijia, ambayo huijaribu kidogo kidogo na kuiacha mapema akiona dalili mbaya. Mshipa ulikuwa salama. Ila kwa baridi, tatizo lina nafasi kubwa zaidi ya kurudi.

"Kurudi?" mume wangu akafoka. "Si ungechoma tu tumalize!"

Daktari akatuonyesha picha. Mshipa ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, na ncha ya mrija iko ubavuni mwake kabisa. "Ningechoma hapa," alisema. Mume wangu aliitazama ile picha mpaka simu yake ikalia na kunyamaza yenyewe.

Na kweli tatizo lilirudi, mtoto akiwa darasani. Nilikasirika na kila mtu, hata na huo moyo wenyewe. Tukarudi Nairobi. Daktari alipoanza kueleza habari za picha, mume wangu alimkatiza, nami nikajiandaa kwa aibu nyingine.

"Piga, daktari. Piga hata mara mbili. Sisi hatuna haraka."

Mtoto alipoingizwa ndani, akazima simu, akakaa na ndala za mtoto mapajani. Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Mume wa kugombana na kila mlango nilimjua. Huyu anayesubiri sikujua nimfanyeje, nikashika ndala moja, yeye akashika nyingine.