Mume Aliyejua Siku za Mkewe

Jumatatu saa tatu asubuhi, mama mmoja aliingia zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, milimani Lushoto, akishikiliwa na mumewe.

"Shikamoo, mama. Mke wangu ana malaria," mume alimwambia muuguzi.

Muuguzi alivuta chini kope ya mgonjwa. Ndani palikuwa peupe, damu imepungua. "Hedhi ina siku ngapi?"

Mgonjwa aliinama. Sisi wanaume tuliosubiri kwenye benchi tulitazama dari.

"Kumi," mume alijibu. "Vitambaa vinalowa kila saa. Maji ya kufulia nachota mimi, wenzangu wananicheka."

"Waache wacheke. Sasa malaria ya nini?"

"Aibu, mama."

Wengi wetu pale tulijua ng'ombe wetu watazaa lini. Siku za wake zetu hatukuzijua.

Muuguzi alitoa vidonge vya kuongeza damu na barua ya kumpeleka hospitali. Jumanne walipanda basi la Lushoto mjini, wote wawili.