Hela za Bibi wa Liuli

Mama yangu alizaliwa Liuli, kando ya ziwa, akaolewa huku juu Mbinga kwenye kahawa. Alipopanda milima alikuja na kidani cha sarafu za chuma zenye tundu katikati, urithi wa bibi yake. Nilikua nikidhani ni pambo tu.

Mwaka niliofundisha fedha za wakati wa Mjerumani, darasa zima lilipiga miayo. Jioni nikamwomba mama aje shuleni. Akaja amevaa kitenge cha Pasaka, kidani kifuani.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Sogeeni, mzishike."

Wakazipitisha mkono kwa mkono. Msichana mmoja akauliza, "Bibi, noti hamkuziweka?"

Mama akacheka. "Noti zilikuja wakati wa vita. Mjerumani alikuwa ameishiwa sarafu, akachapa za karatasi haraka haraka. Askari wake wakateremka Liuli kutafuta chakula. Bibi yangu alikuwa na matenga ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani. Wakamtolea karatasi."

"Akapokea?"

"Wenzake walipokea, waliogopa. Yeye akakalia tenga lake. Akasema, 'Hii ikilowa ziwani nitabaki na nini? Nipeni ya chuma, au niachieni samaki wangu.' Askari mmoja akainua kitako cha bunduki. Hakuinuka. Mkubwa wao alikuwa na njaa kuliko hasira, akatoa mfuko wake, akamlipa hizi."

Mama akaendelea: vita ikaisha, Mwingereza akaja na fedha zake, na zile karatasi wanawake wa Liuli wakazitumia kuwashia moto jikoni.

"Na hizi za chuma?" akauliza kijana wa nyuma.

"Nazo baadaye zikakataliwa sokoni. Ndipo akazitunga."

"Basi Bibi, si alipata hasara kama wenzake?"

Nilitaka kumjibu mimi, mama akaniwahi. "Hasara gani? Aliuza samaki wake kwa sharti lake, bunduki ikimtazama. Kidani hiki ni cha hilo."

Nikageukia ubao nikaandika jina la sarafu ile kwa Kijerumani, heller. Chini yake nikaandika hela. Waliposoma kwa sauti, darasa lililipuka. Neno wanaloombea nauli nyumbani kila Jumatatu lilikuwa mikononi mwao, limechakaa, lina tundu. Nimefundisha miaka mingi, ila somo lililowasimamisha watoto juu ya madawati lilifundishwa na mama yangu, mwanamke wa darasa la nne. Sikujua nifiche wapi uso wangu kwa furaha.

Tulipotoka, mkuu wa shule alimsindikiza hadi barabarani, akamwomba arudi muhula ujao azungumze na kidato kingine.

"Nitakuja," mama akasema, "ila mwalimu wangu huyu anitafutie kiti chenye mto. Nyie mna maswali mengi."

Alirudi. Alirudi kila mwaka mpaka nilipostaafu, na siku ya kuniaga, wanafunzi walimpigia makofi yeye kwanza.