Risasi Iliyobaki Ndani

Fundi silaha wa kituo chetu cha polisi Tabora alinuka mafuta ya bunduki hata siku ya Idi. Alikuwa na mikono mipana na sauti ya chini, na kila silaha iliyoletwa mezani kwake, hata ile tuliyoapa kwamba ni tupu, aliielekeza kwenye gunia la mchanga kabla ya kuuliza ina ugonjwa gani.

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa, Bi Apolinaria alikuja kwa treni kutoka Goweko na kikapu. Alipokuwa akifungasha vitu vya marehemu mumewe, alikuta bastola, nyundo yake imevutwa nyuma, tayari kufyatuka. Tulipoiona ndani ya kikapu, tulirudi mpaka mlangoni. Fundi alibaki.

“Shikamoo, mama. Kiweke hapo, usikiinamishe.”

Akaitoa, mdomo ukitazama mchanga, akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi. Ilikuwa tupu, nasi tukashusha pumzi. Yeye bado. Akavuta sehemu ya juu, ikagoma kwa kutu. Akaitia mafuta, akasubiri, akavuta tena, na risasi ikadondoka mezani. Akachungulia ndani, kisha akapapasa kwa kidole kidogo. Ndipo akaizuia nyundo kwa gumba, akabonyeza kifyatulio, akaishusha polepole mpaka ikatulia bila sauti.

Bi Apolinaria aliikodolea macho ile risasi. “Mjukuu wangu alikilalia kikapu hiki njia nzima,” alisema.

Fundi akaifunika risasi kwa kiganja asiendelee kuiona, akamwuliza mjukuu anaitwa nani.